Saa Kumi ya Nani

"Leo sikuja kuugua, mwanangu. Nimekuja kugombana," alisema Yusta Mbilinyi, akavuta kiti cha msemaji kwa mguu, akakaa.

Vaileti Chaula aliweka kigae cha kunasa sauti katikati ya meza, akasubiri taa yake ndogo ya kijani iwake. "Kamwene, mama. Salamu kwanza, ugomvi baadaye."

"Kamwene." Yusta alivua sweta la juu, akabaki na mengine mawili. Kipengere mwezi wa sita watu huvaa kama vitunguu, ganda juu ya ganda. "Haya. Mwambie huyo bwana wenu wa ukutani aache kunisingizia."

"Mizani imekusingizia nini?"

Yusta akageuza mkono wa kushoto. Chini ya ngozi, karibu na kiwiko, kibweta chake kilikuwa kimetuna kama punje ya haragwe. "Kila siku nikikaa kuchambua maharage, hiki kinatetemeka, kinasema, 'Yusta, imefika saa nne. Punguza kazi nzito. Kifua chako hukabwa saa hii.' Kazi nzito! Nimekaa mkekani, miguu nimenyoosha. Jirani yangu amesikia, siku hizi ananiita mgonjwa wa maharage."

Vaileti alicheka. Hakuwa amecheka sana mwaka huu, na kicheko kilimtoka kikiwa kimekauka. "Kwani saa nne hukabwi?"

"Saa nne ya asubuhi? Mwanangu, saa nne mimi ningepigana mieleka na wewe na daktari wako, na ningewaangusha wote wawili. Kabali inakuja saa kumi. Saa kumi ile ya baridi, mtu umelala, hujagusa hata kijiko. Inakuja kama mkono wa mtu, inakamata hapa katikati, inakaza. Nimekueleza wewe mwenyewe, kiti hikihiki. Mara ngapi?"

"Mara sita," alisema Vaileti. Alizikumbuka zote sita. Kukumbuka ndiyo ilikuwa kazi yake.

Akakigeuza kioo kuelekea kwake, akaitafuta safu ya Yusta. Ilikuwa hapo, kwa mkono wake mwenyewe: saa 4, asubuhi. Mara sita. Aliandika sawasawa. Saa kumi ya alfajiri ya mama huyu ni saa nne kwa saa ya Kizungu, na wasikilizaji wote kama yeye walifundishwa kuigeuza hivyo kabla ya kuiandika, kwa kuwa Mizani ilitengenezwa mbali na haikujua saa zetu.

Kisha macho yake yakahamia safu ya pili, ile ambayo Mizani hujiandikia yenyewe, ambayo msikilizaji hana sababu ya kuisoma.

*Saa nne asubuhi, jua limepanda. Aina: ya kazi. Haihesabiwi.*

"Mbona umenyamaza?" aliuliza Yusta. "Nimekushinda?"

"Umenishinda, mama," alisema Vaileti. "Usiondoke. Kaa uani kwenye jua. Usiondoke kabisa."

*

Enzi za nyuma vibweta vilisikiliza moyo vyenyewe. Kila pigo liliandikwa, na kilichoandikwa kiliuzwa, mpaka watu wakaanza kunyimwa kazi na hata wachumba kwa ajili ya mapigo ya mioyo yao. Ndipo ikaja Sheria ya Kinywa: mwili wa mtu hautolewi ushahidi na mashine. Maumivu yatahesabiwa pale tu mwenyewe atakapoyasema kwa kinywa chake, kwenye sikio la binadamu mwenzake. Aliyekufa atasemewa na yule aliyekuwa naye. Hivyo ikazaliwa kazi ya wasikilizaji. Kituo cha Kipengere kilikuwa nao wanne, na Vaileti ndiye aliyewafundisha watatu wenzake.

Kibweta chenyewe kilibaki na kazi mbili: kumkumbusha mtu saa yake ya hatari, na kupika dawa. Hupandwa mbegu ya dawa ndani yake, kikavuta sukari ya chakula alichokula mtu, kikaitengeneza dawa humohumo mwilini. Na ili nchi isipoteze mbegu kwa kubahatisha, kila ugonjwa ulipelekwa kwenye Mizani, mashine ya kulinganisha dawa. Wagonjwa hupigiwa kura, nusu wanapata dawa hii, nusu dawa ile, hakuna anayejua amepata ipi. Mizani hulinganisha. Siku ya mwisho mihuri mitatu hugongwa, wa daktari, wa fundi na wa msikilizaji mkuu, na tangu hapo ugonjwa huo una dawa moja, kwa saa zilezile, kwa miaka saba. Baada ya muhuri, kibweta hakifunguliki.

Safari hii ilikuwa zamu ya kabali. Ndivyo watu wa milimani walivyouita ugonjwa ule, na jina hilo walilipatia hasa. Mshipa wa moyo haujaziba kwa mafuta wala haujazeeka. Unajikaza tu ghafla, mtu akiwa amepumzika, hasa alfajiri, hasa baridi ikiuma. Nyama ya mshipa hukaza pale kalsiamu inapoingia ndani yake kupitia vijilango vidogo. Dawa zilizoletwa zilikuwa mbili, zote za kukaa mlangoni kama bawabu na kuizuia kalsiamu isiingie kwa fujo. Diltiazemu ni bawabu makini, na moyo unaokwenda mbio huutuliza, ila zamu yake ni fupi. Amlodipini huchelewa kufika na huchelewa kuondoka, mchana na usiku yupo, ila huvimbisha watu miguu.

Miezi kumi na nane zililinganishwa. Kwa kukabwa, Mizani iliziona sawasawa. Kwa miguu kuvimba, amlodipini ilishindwa vibaya. Asubuhi hiyo siri ya kura ilikuwa imefunguliwa na mshindi ametangazwa: diltiazemu. Saa tisa alasiri mihuri ingegongwa. Lori la vibweta na mbegu za diltiazemu lilikuwa tayari uani, na mbele ya stoo watu walikuwa wamejipanga tangu asubuhi wakiwa na mablanketi. Kipengere pekee waliosubiri walikuwa elfu tisa, watu wasio na dawa yoyote.

*

Hobokela, fundi wa Mizani, alikuwa chini ya meza yake akitafuta msumari aliouangusha.

"Shemeji, nipe mwanga hapo," alisema bila kutoka. Alimwita Vaileti shemeji tangu mumewe Obadia alipokuwa hai, kwa kuwa yeye na Obadia walisoma darasa moja.

"Hobokela, Mizani inajua saa zetu?"

"Zetu zipi?"

"Za Kiswahili. Saa moja jua linachomoza."

"Inajua tangu ule mwaka tulipoanza. Wiki ya mwisho kabla ya kufungua milango. Waraka si uliletwa? Ninyi ndio mlipiga makofi." Hobokela akatoa kichwa. Nywele zake zilikuwa na vumbi. "Kuna nini?"

Vaileti aliukumbuka waraka. Uliandikwa: *Mizani sasa inafahamu saa za wenyeji.* Walipiga makofi kweli. Mmoja wao alisema, hatimaye wametuheshimu. Kisha wakaingia kwenye vyumba vyao na kuendelea kugeuza saa kama walivyofundishwa, kwa sababu waraka haukusema waache. Na mtu aliyekulia kati ya saa mbili hageuzi kwa kufikiri. Sikio linasikia kumi, mkono unaandika nne. Huo ndio ustadi waliojivunia.

"Mama anasema saa kumi," alisema Vaileti polepole. "Mimi nageuza, naandika nne. Mizani inaona nne, inasema, ahaa, Mswahili huyu, saa nne yake ni katikati ya asubuhi. Inageuza tena."

Hobokela alikaa sakafuni. Msumari aliokuwa akiutafuta ulikuwa mbele ya goti lake na hakuuona.

"Kukabwa kwa alfajiri kote," alisema mwishowe.

"Kumeandikwa saa za kazi. Na kwa kanuni yenu, anayekabwa saa za kazi amekabwa na kazi, si na kabali. Haihesabiwi."

"Na diltiazemu..." Hobokela alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza. "Kibweta kimepangiwa kupika mara mbili tu, mtu anapokula. Saa moja asubuhi, saa nane mchana. Alfajiri tumbo tupu, dawa imekwisha mwilini. Ikishindwa, inashindwa saa kumi. Na saa kumi ndizo tulizozitupa. Mama yangu." Akainuka, akafungua kioo kikubwa. "Nipe jina moja. La mtu unayemjua saa yake bila wasiwasi."

Vaileti alijua jina atakalolitaja kabla hajaulizwa. Miezi kumi hakuifungua safu hiyo. Aliiandika siku ya tatu baada ya mazishi, peke yake, kwa kuwa hakutaka mwenzake yeyote aisikie, akaifunga.

"Obadia Sanga."

Ilikuja mara moja, kwa herufi zilezile za kila mtu. *Dawa: diltiazemu. Kifo: saa nne asubuhi. Aina: ya kazi. Hakihesabiwi.*

Hobokela aliweka mkono begani kwake. Vaileti akauondoa taratibu, bila ukali.

"Chapa karatasi," alisema. "Zote. Za watu wote."

*

Daktari Melkizedeki Mgaya hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mazungumzo yale yawe magumu. Alizisoma karatasi zote akiwa amesimama, akavua miwani, akaifuta, akazisoma tena.

"Kaa, mama."

"Nitasimama, Daktari."

"Wangapi?"

"Safu mia nne na kumi na mbili za alfajiri. Fundi amezirudisha saa zake kwa kukisia tu, bado hatujasikiliza vigae. Lakini hata kwa kukisia, dawa haziko sawa tena."

"Kwa kukisia." Alilishika neno hilo kama mtu anayezama aliyeona ubao mtoni. "Huwezi kusimamisha muhuri kwa kukisia. Kusikiliza vigae vyote ni muda gani?"

"Wiki sita tukiwa wanne."

"Na zile mbegu kwenye lori zinakaa siku tatu, kisha zinakufa. Nyingine haziji mpaka msimu ujao. Miezi minne." Akaelekeza kidole dirishani. "Uwaone wale. Elfu tisa, Vaileti. Leo hawana chochote. Diltiazemu hata ikisinzia alfajiri, mchana inafanya kazi. Mchana watu hawakabwi?"

"Wanakabwa. Wachache."

"Basi wachache hao watapona. Ukinizuia, hata hao watakufa. Unasikia ninachosema? Mimi nachagua nusu mkate. Wewe unataka watu wakae na njaa mpaka mkate uwe mzima."

Vaileti aliitafakari hoja hiyo kwa haki, kwa sababu ilikuwa hoja. Aliwatazama watu uani. Kulikuwa na mwanamume amemfunika mkewe blanketi mbili na bado alikuwa akimsugua mikono.

"Kama ungekuwa nusu mkate wa leo tu, ningegonga," alisema. "Lakini muhuri ni miaka saba. Saa haibadilishiki, dawa haibadilishiki. Huwapi nusu mkate, Daktari. Unawafunga mdomo wakiwa na nusu mkate ndani."

"Umejifunza kusema."

"Nimesikiliza watu miezi kumi na nane. Mtu hujifunza."

Daktari akaketi. Sauti yake ikashuka, ikawa ya mtu anayemsemesha jamaa. "Nikuambie kama mdogo wangu. Karatasi hizi zikitoka humu, makao makuu watauliza swali moja: nani aliandika? Ni wewe. Nani aliwafundisha wengine? Ni wewe. Watasema mjane mmoja wa Kipengere aliua watu kwa kalamu. Hawatamtaja aliyeandika ule waraka. Hawatanitaja mimi. Ni haki? Si haki. Lakini ndivyo itakavyokuwa. Na Obadia hatarudi."

Pale alipotajwa Obadia, Vaileti alisogea mpaka ukingoni mwa meza.

"Obadia hatarudi," alikubali. "Ila mmemwandika kwamba alikufa kwa kazi nzito saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi, Daktari, alikuwa amekwisha kuoshwa. Mimi nilikuwa nimekaa chini na wanawake wameshanizunguka. Na ninyi Mizani yenu inasema alikuwa kazini." Akaitoa mfukoni chapa ya muhuri wake, kipande cha chuma chenye alama ya sikio, akaiweka mezani. Hakumkabidhi, aliiweka upande wake mwenyewe wa meza. "Sigongi. Simkatai diltiazemu, hana kosa, amepangiwa zamu vibaya. Ninachokataa ni saa. Na ukinifukuza, msikilizaji mkuu mpya huteuliwa kwa siku kumi. Mbegu zako siku tatu."

"Unanitisha?"

"Nakuhesabia tu. Leo ndiyo siku ya kuhesabu."

Nyuma yao Hobokela, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, akakohoa. "Na mimi sigongi, kama inasaidia. Yangu huwa naisahau nyumbani, lakini leo nimeikumbuka makusudi ili nisiigonge."

Daktari Mgaya alifunika uso kwa viganja. "Basi nenda kawaambie mwenyewe," alisema kupitia vidole. "Mimi siwezi. Nenda uani ukawaambie kwamba leo hakuna kitu."

"Ndiko ninakokwenda," alisema Vaileti.

*

Aliwaambia. Alisimama kwenye ngazi ya stoo bila kipaza sauti, na kwa kuwa sauti yake ilikuwa ndogo iliwabidi wanyamaze ili wasikie. Hakupamba. Alisema: mlisema saa kumi, nikaandika nne, Mizani ikasoma saa nne ya jua kupanda. Kosa langu. Waliokabwa alfajiri tuliwatupa nje ya hesabu. Kwa hiyo dawa iliyoshinda hatujui kama ilishinda. Kwa hiyo leo hakuna muhuri.

Kisha yule mwanamume wa blanketi mbili akatoka kwenye mstari. Aliitwa Elia Nyigu, mpasua mbao wa Ikuwo, na alikuwa ametembea na mkewe tangu jana.

"Wewe," alisema. "Rudia hapo mwisho."

"Leo hakuna muhuri, kaka."

"Usiniite kaka. Mpaka lini?"

"Mbegu nyingine zinakuja baada ya miezi minne."

"Miezi minne!" Aligeuka kwa wenzake kama anayewaomba washuhudie. "Mnamsikia? Yeye amekosea kuandika, sisi tuzike. Mke wangu akifa kabla ya hapo, nije nikuambie nini? Nije na jeneza hapa mlangoni?"

"Uje," alisema Vaileti. Hakushuka ngazi. "Naitwa Vaileti Chaula. Nakaa nyuma ya kiwanda cha mbao, nyumba ya mlango wa bluu. Ukija nitafungua. Sitakwambia ni mapenzi ya Mungu. Nitakwambia ni mimi. Lakini sitagonga muhuri juu ya uongo ili unipende leo."

Watu walianza kunguruma. Mtu nyuma alipiga kelele aondolewe. Mwingine alisema tatizo ni kuwapa kazi watu wenye misiba. Yusta Mbilinyi akainuka kwenye benchi, masweta yote matatu mwilini, akamjibu huyo kwamba yeye hana msiba wowote na bado akili hana. Baadhi wakacheka, wengine wakazidi kukasirika.

Ndipo mke wa Elia akazungumza. Aliketi pale chini alipoachwa na akaongea kwa shida, kama mtu anayepanda mlima.

"Dada. Mimi kunikaba ni saa kumi hiyohiyo. Alfajiri. Mchana sijawahi hata siku moja." Akapumzika. "Hiyo dawa mngenipa leo. Ingenisaidia saa kumi?"

Vaileti alimtazama. Elia naye alimtazama mkewe, mkono ukiwa bado umeinuliwa hewani.

"Kwa saa ilivyopangiwa," alisema Vaileti, "hapana."

"Wala kesho?"

"Wala miaka saba."

"Basi leo," alisema yule mwanamke, "mlikuwa mnatugawia nini?"

Swali lilikwenda mstari mzima, likarudi, na safari hii macho hayakumwangalia Vaileti. Yalimwangalia Daktari Mgaya, ambaye alikuwa ametoka na kusimama chini ya kibaraza akiwa na karatasi zake.

"Fundi," aliita Daktari, sauti ikiwa imekwaruza. "Bila muhuri, saa za kibweta zinageuzika?"

"Zinageuzika. Nakipangia kipike usiku, mtu akila kiazi kizito kabla ya kulala kitakuwa na sukari ya kutosha mpaka jogoo," alisema Hobokela. "Kupanda kibweta bila muhuri ni kosa la jinai. Lakini kugeuzika, zinageuzika."

"Tupandeni bila muhuri basi!" Elia alipaza sauti. Alikuwa amekwenda kusimama nyuma ya mkewe.

"Sitafanya jinai kwa neno la mtu mmoja na makisio ya fundi," alisema Daktari. "Nitakaposimama mbele ya waliokuwa wakubwa wangu, nitataka vinywa. Vinywa vyenye majina. Siku tatu. Mkinipa vya kutosha ndani ya siku tatu, nitafungua stoo hii kwa mkono wangu na watanifungia huko watakakonifungia."

"Vya kutosha ni vingapi?" aliuliza Vaileti.

"Sijui," alisema Daktari Mgaya, na ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kumsikia akikiri kutojua jambo. "Anzeni."

Meza ililetwa uani. Kigae kikawekwa juani. Hobokela akaketi kiti cha msikilizaji, kwa kuwa sheria husema sikio lolote la binadamu linatosha, akachukua fomu na kalamu. Yusta alikuwa tayari anajongea, ila Vaileti akamtangulia, akazunguka meza, akakaa upande ambao hajawahi kukaa. Kiti cha msemaji kilikuwa kifupi kuliko alivyodhani. Ukiwa hapo humtazami msikilizaji, unamwinulia uso.

"Jina la anayesemewa?" aliuliza Hobokela.

"Obadia Sanga."

"Alikuwa nani?"

"Seremala. Mume wangu."

"Alikufa saa ngapi?"

"Saa kumi."

Kalamu ya Hobokela ilishuka, ikasimama. "Kumi ipi?"

Miezi kumi na nane hakuna mtu aliyeulizwa hivyo.

"Kumi ya kulala," alisema. "Barafu imeshika juu ya majani ya viazi. Hakunishtua kwa sauti, aliniamsha kwa mkono. Akasema, Vaileti, imekuja. Alikuwa hajashika randa, hajainua ubao. Alikuwa amelalia ubavu wa kulia, amevaa soksi nilizomfumia. Nikamwambia vuta pumzi. Akasema anavuta. Aliniuliza kama nimefunga mlango wa kuku. Nikamwambia nimefunga, na nilikuwa sijafunga, nilisema tu atulie. Hilo ndilo neno langu la mwisho kwake, na lilikuwa uongo. Kisha mkono wake ukalegea. Ilikuwa bado giza. Si saa nne. Hakuwa kazini. Alikuwa nyumbani kwake, amepumzika, na ile dawa ilikuwa imekwisha mwilini."

Hobokela alikuwa akiandika kwa maneno, si kwa namba, na mstari wa fomu haukumtosha, akageuza karatasi. Machozi yalimdondoka na hakuyafuta. "Aina?" aliuliza.

"Kabali."

"Inahesabiwa," alisema Hobokela kwa nguvu, ili kigae kisikie. Akapiga mstari chini. "Nimemaliza. Inuka, shemeji, watu ni wengi."

"Bado," alisema Vaileti. "Andika kwamba mara ya kwanza iliandikwa vibaya, na aliyeiandika ni mimi, Vaileti Chaula, msikilizaji mkuu."

Hobokela aliitazama fomu juu, akaitazama chini. "Hilo halina nafasi humu."

"Tengeneza nafasi."